Akirudi Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Kifafa: Kufuatilia Tabia, Kumbukumbu na Maisha

Mgonjwa akikaa mwezi mzima bila kuanguka, ndugu huanza kunong'ona: "Amepona, lakini si yule tena." Kauli hiyo husemwa mapema mno. Miezi mitatu ya kwanza ni ya kuandika, si ya kumhukumu mtu tabia. Hapa tunazungumzia upasuaji unaofanywa zaidi kwa watu wazima, wa kuondoa sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja, upande mmoja. Kwa Afrika Mashariki umewahi kufanyika Mbale, Uganda.

Anzeni daftari wiki mbili kabla ya upasuaji, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha. Waandike watu wawili: mgonjwa mwenyewe na mmoja anayeishi naye. Kila siku andikeni saa za kulala, saa za dawa, kifafa kama kimetokea, na jambo moja lililomkera au kumfurahisha. Mfano: "Alhamisi. Dawa ya jioni kameza saa 3 badala ya saa 1. Jana kalala kwa muda wa saa nne tu. Kamfokea mdogo wake kisa rimoti, halafu kalia." Mkiandika "Alhamisi, hasira" daktari hana pa kuanzia.

Hasira ina vyanzo vingi, na kisu si cha kwanza kushukiwa. Tazameni dawa: levetirasetamu, dawa ya kifafa, hufanya baadhi ya watu wawe wakali, hata kama hawajapasuliwa kabisa. Tazameni usingizi na maumivu. Msuli wa kutafunia hukatwa wakati wa upasuaji, hivyo kwa wiki kadhaa taya huuma na kinywa hakifunguki vizuri. Mpeni uji, ndizi zilizopondwa, samaki asiye na miba. Halafu kuna sonona na wasiwasi, ambavyo huweza kuzuka miezi ya mwanzo hata kwa mtu ambaye kifafa kimekoma. Aliyewahi kuugua sonona kabla yuko hatarini zaidi. Hamu ya tendo la ndoa nayo inaweza kupanda au kushuka. Mwenzi wake aliseme hilo kliniki bila haya.

Kuhusu kumbukumbu, hofu ya watu ina asili yake. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, mgonjwa wa kifafa Henry Molaison aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani sehemu za ubongo zinazosaidia kuweka kumbukumbu, za pande zote mbili, akabaki hawezi kuweka kumbukumbu mpya. Ndiyo maana siku hizi hukatwa upande mmoja, baada ya vipimo. Hata hivyo, akipasuliwa upande wa kushoto, majina na maneno yanaweza kumponyoka. Msimtegee mitihani mbele ya wageni. Akitumwa dukani vitu vinne, aviandike. Ombeni kipimo cha kumbukumbu kirudiwe baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kilinganishwe na cha awali. Akiwa anagonga milango ya kabati iliyo juu, upande ulio kinyume na kidonda, pengine amepungukiwa sehemu ya upeo wa macho: apimwe kabla ya kufikiria kuendesha chombo chochote.

Panapowashinda wengi ni pale kifafa kinapokoma. Mtu aliyelindwa miaka ishirini anaambiwa ghafla atafute kazi, aoe, achangie kodi. Naye hutaka kulipiza miaka yote kwa wiki moja, au hujifungia chumbani kwa woga. Mama naye, aliyezoea kumlinda, hajui ashike nini. Mrudishieni maisha kipande kwa kipande. Kwanza dawa zake mwenyewe, kwenye kisanduku cha siku saba, ninyi mkihesabu Jumapili tu. Zikienda sawa mwezi mmoja, apewe fedha ndogo za matumizi, kisha safari ya sokoni peke yake. Kuogelea, kupanda minazi, kupika peke yake kwenye moto wa wazi na kuendesha bodaboda vingoje ruhusa ya daktari. Uingereza, kwa mfano, dereva wa gari dogo hungoja miezi 12 bila kifafa.

Msiahidiane muujiza. Katika utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2001, baada ya mwaka mmoja asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na kifafa cha kupoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya walioendelea na dawa peke yake. Maisha yao yalikuwa bora pia, lakini wapo waliobaki na kifafa. Kifafa cha wiki ya kwanza, peke yake, si ushahidi kwamba upasuaji umeshindwa. Kiandikeni, mpigieni daktari.

Dawa haziachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Kwa kawaida kupunguza hufikiriwa baada ya mwaka mmoja au miwili bila kifafa, polepole, dawa moja moja. Kuacha ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo.

Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo akipata homa na shingo kukaza, maji yakitoka kwenye kidonda, kichwa kikizidi kuuma huku anatapika, kifafa kikipita dakika tano, akianza kusikia sauti zisizokuwepo, au akizungumzia kujiua. Na mkienda, daftari liwe mkononi.