Watu wa Malindi mnaokuja Italia, huyu Mtaliano wa kwao hamumjui bado

Sisi watu wa Malindi tuna shida moja ambayo mtu wa Nyeri ama wa Mwanza akija Italia hana: tunakuja tukijiambia hawa tushawajua. Tangu kile kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni kianze miaka ya 60 Wataliano wako na sisi, wamejenga, wameoa, wamefungua mikahawa, mtoto wa Maweni anaongea Kitaliano kabla hajamaliza shule, sasa mtu akipata viza anaona kama anaenda kwa majirani. Lakini unaemjua ni Mtaliano alie likizo. Yule hana haraka, anakununulia soda na siku ya kwanza tu anakuita rafiki. Huku kwao Bergamo saa moja asubuhi anakimbilia treni na salamu yako hata hakuisikia, wala si kiburi, ni kazi tu, na mwezi wa nane ambao nyie mnamuona Casuarina ndio mwezi ambao huku kaacha amefunga duka, katikati ya Agosti ofisi nyingi unakuta hakuna mtu wa kukuhudumia. Kwa hivyo shughuli zako za karatasi usizipange Agosti.

Tuanze na hizo karatasi maana ndizo zinazolaza watu macho. Ukishatua na viza ya kukaa una siku 8 za kazi kuomba permesso di soggiorno, yaani kibali cha kukaa. Wengi wetu hatuanzii polisi, tunaanzia posta, ile yenye dirisha la Sportello Amico, unapewa bahasha ya fomu bure, unajaza, unaweka kopi za pasipoti na stempu ya serikali ya euro 16, na hiyo stempu inauzwa duka la sigara, ndio, la sigara, lile lenye kibao cha herufi T kubwa nje. Posta wanakupa risiti na tarehe ya kwenda Questura, makao ya polisi ya mkoa, kuchukuliwa alama za vidole. Kadi yenyewe inaweza kuchukua miezi, na miezi yote hiyo risiti ndio wewe, ipige picha, itoe kopi, usiiache kwenye mfuko wa suruali inayongoja kufuliwa. Kama umeoa ama umeolewa na raia wa Italia njia yako ni nyingine, mara nyingi unaenda Questura moja kwa moja, uliza kabla ya kulipia chochote, kuna watu huku wanaishi kwa kulipisha wageni fomu za bure.

Na ukifikia kwa shangazi ama kwa rafiki, sheria inamtaka yeye aripoti kwa polisi ndani ya saa 48 kwamba anakulaza kwake. Najua kwetu hiyo inasikika vibaya, mgeni wa kuripotiwa polisi tena, lakini asipofanya anapigwa faini na wewe unakosa karatasi ya kuonyesha unakaa wapi. Mkumbushe kwa adabu, shangazi samahani, ile barua ya ospitalità tayari? Nyumba ya kukodi vilevile, mwenye nyumba lazima ausajili mkataba Agenzia delle Entrate, ofisi ya kodi ya serikali, akikwambia tupunguze kodi kidogo tusisajili, kimbia, bila mkataba uliosajiliwa utahangaika kuandikishwa ukaazi, yaani kusajiliwa kama mkazi, pale manispaa, na bila ukaazi mambo mengi yanagoma. Hapohapo Agenzia ndipo inapotoka codice fiscale, ni kama KRA PIN yetu, haina malipo na utaulizwa kila mahali hadi ukinunua laini ya simu.

Kitaliano cha ufuoni kitakusaidia kuomba njia na kufanya watu wacheke. Hakitakusaidia kuuliza mbona bili imepanda. Nenda shule ya serikali ya watu wazima, inaitwa CPIA, iko karibu kila mji, malipo ni kidogo sana ama hakuna, na cheti cha A2, kile cha lugha ya ngazi ya pili, utakihitaji mbeleni kwa hivyo usione aibu kukaa darasani na ndevu zako.

Sasa nyumbani. Kitu ambacho hakuna alienambia ni hii ya stima. Nyumba nyingi Italia mkataba wake wa umeme ni kilowati 3 tu. Mashine ya kufua inazunguka, umewasha oveni, mwenzio nae ameanza kupiga pasi, tap! giza. Unakimbilia dirishani kuangalia kama mtaa mzima umekatika, tabia yetu, unaona jirani wa mbele taa zinawaka na anakula zake. Hakuna aliekata, ni mita imejizima kwa sababu mumezidisha, na mita mara nyingi iko chini kabisa ya ghorofa ndani ya kabati, utashuka ngazi na tochi ya simu, umevaa kikoi, baridi hiyo, uirudishe swichi juu. Jifunzeni zamu. Oveni na mashine ya kufua haziwaki pamoja, birika la umeme na pasi haziwaki pamoja, na nguo fueni usiku kama mkataba wenu una bei ya usiku. Ndani ya hiyo bili pia utaona hela ya televisheni ya taifa, canone, kama huna TV kabisa unaandika tamko kila mwaka kabla ya mwisho wa Januari, la sivyo unakatwa tu.

Baridi ya nje inasemwa sana, ya ndani haisemwi. Kwenye ghorofa za joto la pamoja huwashi unapotaka, kuna tarehe. Milano kawaida ni 15 Oktoba hadi 15 Aprili na si zaidi ya saa 14 kwa siku, Roma ni kuanzia tarehe 1 Novemba na saa 12. Tarehe 8 Oktoba unaweza kuwa unatetemeka na bomba za ukutani ziko baridi tii na hakuna wa kumlalamikia. Blanketi zito nunua mapema. Koti usinunue Malindi, tena mengine ya pale sokoni yametoka hukuhuku. Jambo moja tu la nyumba litakufurahisha bila kujifunza: bidet, lile beseni la kujitawazia. Sheria ya mwaka 1975 inataka iwepo nyumbani, maji yapo chooni, hapo Mtaliano na Mswahili wanaelewana bila mkalimani.

Taka zinatengwa. Mabaki ya chakula kwake, plastiki kwake, karatasi kwake, chupa kwake, na kila moja ina siku yake ya kutolewa nje, kalenda utapewa na manispaa, ibandike mlangoni kwa friji. Ukichanganya mfuko wako unaachwa pale pale mlangoni na jirani wote wanaujua ni wa nani, na ghorofa nzima inaweza kupigwa faini kwa ajili yako. Kwa basi tiketi ya karatasi hainunuliwi tu, lazima uigonge kwenye mashine, mkaguzi hataki kusikia kwamba umeinunua. Kuvuka barabara angalia kushoto kwanza, magari yao yanaendeshwa upande wa kulia, mwili utachukua muda kuzoea. Leseni yetu ya Kenya unaitumia mwaka mmoja tu tangu upate ukaazi, baada ya hapo hawakubadilishii, unarudi shule ya udereva na mtihani ni wa Kitaliano.

Kazi: ukiambiwa mshahara uliza lordo au netto. Lordo ni kabla ya makato na pengo lake linauma. Kina dada wengi wanaolea wazee majumbani wanaambiwa tufanye in nero, yaani bila mkataba, pesa mkononi. Inavutia mwezi wa kwanza. Lakini bila mkataba huna michango ya INPS, ule mfuko wa taifa wa pensheni, huna mshahara wa kumi na tatu wa Disemba ambao ni haki yako hata kazi za nyumbani, na siku ya kuongeza muda wa permesso ya kazi huna cha kuonyesha. Watu wa nyumbani nao waambie mapema hesabu yako ilivyo, kodi, stima, nauli, kabla hawajakuchangisha harusi mbili na paa la msikiti. Mama mpigie kwa kuangalia saa, wakati wa baridi Malindi iko mbele kwa saa mbili, kiangazi saa moja, na miadi yote ya ofisi inaandikwa kwa saa 24, 15.30 ni saa tisa na nusu za alasiri.

Chakula hutalala njaa. Maduka ya Wabangladeshi yana tui la kopo, nazi ya kukunwa ya barafu, bamia, viungo vya biriani na nyama halali. Unga wa sima ndio ulinisumbua mpaka nilipojua kwamba Veneto wanakula polenta nyeupe, tafuta unga mweupe uliosagwa laini, ule wa njano uache, na usiufuate maelekezo ya pakiti, songa kwa mkono wako.

Mzigo wa kuja nao una sheria za Ulaya. Nyama hapana hata ikiwa ya kukausha, maziwa hapana, na samli ya bibi ni maziwa pia, itatupwa mbele ya macho yako. Samaki unaruhusiwa hadi kilo 20 kwa hivyo ng'onda funga vizuri, asali hadi kilo 2. Maembe ngowe hapana bila cheti cha mimea. Nazi, mananasi, ndizi na tende zinapita bila cheti. Ila nazi njoo nazo zishafuliwa, makumbi yanakula kilo bure, na mbuzi ya kukunia ukunje uutie kwenye begi la chini, ule ulimi wake wa chuma ukiuweka kwenye begi la mkononi hawatakupitisha hata pale Mombasa.