Namna ya Kutambua Nyayo za Wanyama wa Kwanza Katika Jiwe

Wanafunzi wangu wa jiolojia hapa Lubumbashi huniletea mawe yenye michoro myeusi kama majani, wakiamini kwamba wamepata visukuku, ilhali mara nyingi ni oksidi ya manganizi iliyopenya ufani. Kwa hiyo tujifunze kutazama kwanza, majina yatafuata.

Hatua ya 1. Chukua kamba ya mita 7, ambayo ncha yake moja ni leo na kila sentimita ni miaka milioni moja. Funga fundo penye mita 6.35, mwisho wa barafu kuu iliyotuachia miamba ya Petit Conglomérat huku Katanga, penye 5.58 kwa Dickinsonia wa Bahari Nyeupe nchini Urusi, kiumbe bapa wa baharini ambaye mwaka 2018 mabaki yake yalikutwa na kolesteroli, dalili ya mnyama, na penye 5.39 kwa mwanzo wa Kambria, kipindi cha kijiolojia. Funga la mwisho penye 5.18 kwa Chengjiang, China, palipojaa visukuku vya wanyama wa kila umbo. Umbali kati ya mafundo haya mawili ya mwisho ni sentimita 21, karibu shubiri moja. Miamba ya Roan yenye shaba yetu ni ya kale zaidi, imepita ncha ya pili ya kamba, hivyo humo utakuta stromatoliti, yaani matabaka ya mawe yaliyojengwa na vijidudu, wala usitafute mnyama.

Hatua ya 2. Gizani, laza tochi karibu kabisa na uso wa jiwe, kisha lizungushe jiwe polepole, kwa maana mfereji wa kina cha punje ya mchanga huonekana kwa kivuli chake tu.

Hatua ya 3, ambayo naithamini kuliko zote: fuata mwendo. Kabla ya Kambria, nyayo nyingi hutambaa bapa juu ya tope. Treptichnus pedum, ambaye kutokea kwake Fortune Head, Newfoundland, ndiko kunakoweka mpaka wa Kambria, ni alama ya mnyama aliyepita ndani ya tope akichomoza juu tena na tena, akiacha vitawi vifupi vilivyopishana kama mshono.

Itengeneze mwenyewe. Tandaza udongo laini wa mfinyanzi kwenye sinia, choma kijiti kimshazari, kichomoe, sogea kidogo, choma upande wa pili. Mimina plasta, na ikikauka igeuze: mashimo yamekuwa matuta, kama yanavyoonekana chini ya tabaka la mchanga lililofunika tope la kale. Sasa rudia hatua ya 2 juu ya plasta hiyo.