Pilipili ya kusaga ya Carolina Reaper kwa sato wa kukaanga

Carolina Reaper ni pilipili chotara iliyozalishwa Marekani. Wastani wa ukali wake unapita skovili (kipimo cha ukali wa pilipili) 1,600,000, kwa hiyo usiipime kwa mazoea ya pilipili mbuzi: kwa chupa ya nusu lita, 2 zinatosha kabisa.

Vaa glavu. Pasua, kwangua utando mweupe wa ndani. Ukali mwingi uko humo, si kwenye mbegu. Chemsha na nyanya 5, karoti 1, punje 6 za kitunguu saumu, siki kikombe 1 na chumvi kijiko cha chai, moto mdogo, dakika 20. Fungua madirisha, watoto wakae mbali, maana mvuke wake unakaba koo. Kuikaanga ni vibaya zaidi.

Iache ipoe ndipo usage. Ikiwa ya moto, mvuke hurusha kifuniko cha blenda, na rojo likiingia machoni ni balaa. Hifadhi kwenye friji.

Sato mzima anahitaji nusu kijiko cha chai tu. Kwa mchuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, weka matone machache ukishaepua.

Mikono ikiwasha, paka mafuta ya kula kwanza, kisha osha kwa sabuni. Maji matupu husambaza ukali. Mdomo ukiungua, kunywa maziwa.