Geuza kopo kwanza

Nina saluni Majengo, Moshi: viti vinne na feni moja. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea mafuta ya nywele, kopo la kijani lenye picha ya mlima na parachichi lililopasuliwa, limeandikwa "asili halisi". Nikaligeuza. Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, nikayapiga picha kwa simu nikayakuza. La kwanza: paraffinum liquidum, mafuta yanayotokana na petroli ghafi. Parachichi (lebo hulitaja persea gratissima) lilikuja baada ya parfum, yaani manukato.

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Vilivyo chini ya asilimia 1 tu ndivyo hukaa popote mwishoni, na manukato kwa kawaida huwa kiasi kidogo sana. Basi kinachofuata manukato ni matone.

"Lakini dada, parachichi si limo?"

Limo, mdogo wangu. Limo kama mgeni aliyefika harusini pilau imekwisha.

Kwa hiyo, ukitaka kipodozi kisichodanganya wala kuumiza mtu, mnyama au msitu, anza na orodha hiyo. Krimu isiyokuwa nayo irudishe hapo hapo, hasa zile za kung'arisha. Zebaki na hydroquinone, kemikali ya kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na zebaki huharibu figo. Wengine huificha kwa jina la calomel au mercurous chloride, wengine hawaiandiki kabisa. Ukikuta onyo la kuvua pete ya dhahabu kabla ya kupaka, weka chini: zebaki hushika dhahabu, waulize wachimbaji. Muulize pia muuzaji kama bidhaa imesajiliwa TBS, shirika la viwango, maana tangu 2019 vipodozi viko kwao, si TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Kampuni inayouza mkorogo, habari zake za kupanda miti mimi sizisikilizi.

Halafu kuna sungura, ile alama ya kusema kipodozi hakikujaribiwa kwa wanyama. Mtu yeyote anaweza kuchora sungura. Yule wa Leaping Bunny, mpango unaothibitisha kampuni zisizojaribu kwa wanyama, anaruka, ana nyota, na majina ya kampuni zilizokubaliwa yapo kwenye tovuti yao. Tafuta jina, usitazame mchoro. Maneno "haikujaribiwa kwa wanyama" peke yake yanaweza kuhusu krimu iliyokamilika tu, huku viambato vyake vilishajaribiwa. Ulaya ilifunga mlango huo Machi 2013, ikakataza kuuza vipodozi vipya vilivyojaribiwa hivyo, pamoja na viambato vyake.

Kwa vipodozi vya kumeremeta tafuta mica, au CI 77019. Sehemu ya madini hayo huchimbwa Jharkhand, India, ambako watoto wamekutwa mashimoni. Uliza kampuni inanunua wapi. Mawese kwenye vipodozi nayo si dhambi, Kigoma wanayapikia tangu zamani. Swali ni kama msitu ulikatwa ili yapandwe.

Kopo nalipima kwa kijana anayepita kukusanya plastiki: yenye namba 1 na 2 kwenye alama ya plastiki anachukua, pampu yenye springi ananiachia.

Linalonisaidia kuliko yote ni kuuliza swali ambalo jibu lake lazima liwe na mahali au bei. Niliwaandikia watengenezaji wawili wa mafuta ya parachichi: mnanunua kwa nani, kilo shilingi ngapi, makapi yanakwenda wapi? Mmoja alinitumia picha ya ua na maneno "tunajali jamii". Wa pili, mama anayekamua Marangu, alituma sauti, kuku wanasikika nyuma yake. Hununua yaliyoanguka na yale yaliyokataliwa na wanunuzi wa nje, akataja bei na majirani anaowalipa, na makapi anarudisha migombani. Mwisho akaniambia: "Ila mwanangu, sasa hivi sina hata chupa moja. Mpaka msimu."

Nimemwekea nafasi kwenye rafu.