Jinsi ya kulinganisha kereng'ende na popo wa Pemba

Watu wengi wakiambiwa walinganishe hawa wawili wanaandika "wote wanaruka" alafu wanaishia hapo. Cha kwanza chagua spishi, usiseme popo tu, maana kuna popo wadogo wanaokula mbu na kuna huyu wa Pemba anaekula matunda, maisha yao tofauti kabisa. Mi nachukua yule kereng'ende wa rangi ya dhahabu anaejaa wakati wa vuli, kitaalamu Pantala flavescens, na popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, ambae nje ya kisiwa hicho humpati popote duniani.

Anza na bawa, na hapa usiwe na haraka. Mtafute kereng'ende akiwa amejishikiza kwenye kijiti (huyu hakai mlalo kama wenzake wengi, ananing'inia wima kichwa juu), umwangalie jua likiwa nyuma yake: mabawa manne, yanapitisha mwanga kama nailoni, yamejaa mishipa kama wavu, mfupa hakuna hata mmoja. Alafu nenda Kidike, hifadhi ya popo hawa hukohuko Pemba, mchana na darubini, umsubiri popo ajinyooshe pale alipo kichwa chini. Utaona bawa lake ni mkono kabisa, gumba lina ukucha limechomoza juu, vidole vingine vimerefuka vikaibeba ngozi kama njiti za mwavuli. Akilitandaza, ncha mpaka ncha anafika mita 1.6, kereng'ende ni kama sentimita 7 au 8 tu.

Baada ya hapo waulize wote maswali yaleyale. Chakula: kereng'ende anadaka mbu na vidudu hewani mchana, popo anatoka jua likizama kufuata maembe na mashelisheli kwa macho na pua, sio kwa mwangwi kama wale wadogo, na chini ya mti utakuta makapi aliyofyonza akatema. Watoto: kereng'ende anataga mayai mengi kwenye madimbwi ya mvua, popo anazaa mmoja na kumnyonyesha, ndo maana akiwindwa anaisha haraka, mwanzoni mwa miaka ya 90 walikaribia kutoweka kabisa. Safari: hapa wengi wanakosea, kale kadogo ndo msafiri, kanatoka India kanapita Maldivi mpaka pwani yetu kwa upepo, na popo na ubawa wake wote habanduki Pemba.

Ukiwa Kidike usipige makofi ili waruke, mchana wamelala na wengine wana watoto kifuani.