Kumlisha poni mzee mwenye tatizo la insulini, kama tunavyofanya Karen

Mimi ni saisi. Miaka mingi nimeimalizia kwenye mabanda ya Karen na Lang'ata, Nairobi, na poni (farasi wa kimo kifupi) aliyenifundisha kazi hii ya kupima chakula kwa mizani ni Tausi, jike wa miaka 24. Ukimwona kwa mbali utasema huyu anakula akashiba. Tumbo la mviringo, mgongo mpana, shingo imejaa. Ile shingo ndiyo iliyoninyima usingizi: mafuta magumu chini ya singa, ukiyashika hayayumbi.

Tatizo lenyewe ni hili. Mnyama akila sukari na wanga, mwili hutoa insulini ili sukari itoke kwenye damu. Kwa poni kama Tausi insulini inapanda mno na inakawia kushuka, na ikikaa juu muda mrefu huharibu tishu laini zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato. Ugonjwa huo wa kwato ndio laminaitisi, na ndio unaowamaliza.

Hatua ya 1: Mwite daktari wa mifugo apime damu

Usianze na chakula kabla ya hapa. Poni mzee anaweza kuwa na shida ya insulini peke yake, au na ile ya tezi ya pituitari ambayo huwapata sana waliopita miaka 15: manyoya marefu yasiyopukutika, kunywa maji kupita kiasi, misuli ya mgongo kuyeyuka huku tumbo likining'inia. Wengine wana yote mawili. Ya tezi ina dawa yake, pagolaidi, ya kila siku maisha yote. Chakula peke yake hakiitibu.

Kwenye ndoo, tofauti kubwa ni kati ya mnene na aliyekonda. Mnene tunampunguza. Aliyekonda, hata kama insulini yake iko juu, hatumpunguzii nyasi hata kidogo, tunamtafutia nguvu isiyo na sukari.

Hatua ya 2: Pima uzito kwa futi kamba

Hatuna mizani ya farasi bandani, na jicho hudanganya, hasa jicho la anayempenda. Zungusha futi kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, usome poni akishatoa pumzi. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Kifua zidisha kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,877. Sentimita zinakupa kilo.

Tausi alianza na kifua cha 150 na urefu wa 136: karibu kilo 258. Si hesabu ya dhahabu, lakini ukipima kila wiki mbili, mtu yuleyule, asubuhi ileile, utaona anakoelekea.

Hatua ya 3: Chagua nyasi

Boma Rhodes iliyokomaa ndiyo tegemeo letu, yenye mashina na majani machache. Nyasi laini ya kijani inayonukia vizuri ni ya ng'ombe wa maziwa. Ukiweza kuipeleka maabara, tafuta sukari na wanga vikijumlishwa visizidi asilimia 10. Yenye ukungu au vumbi irudishe, hata kama aliyeileta ni rafiki yako.

Nyasi ya kikuyu iliyojaa kwenye viwanja vya Karen haifai kuwa chakula chake kikuu. Ina oksaleti, na oksaleti hukamata kalsiamu tumboni isimfikie mnyama. Shida hiyo huzidishwa na ile desturi yetu ya uji wa pumba za ngano kila Jumapili: pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, tena zina wanga. Nimezipika pumba hizo miaka kadhaa nikiamini namfanyia mzee hisani. Niliacha.

Polad (mabaki laini ya kusaga ngano), jemu ya mahindi (mabaki ya kiini cha mahindi), shayiri, na chakula chochote cha gunia kilichonyunyiziwa molasi, vyote nje. Soma lebo. Gunia lililoandikwa "farasi wazee" laweza kuwa na molasi, kwa hiyo picha ya mbele haisaidii.

Hatua ya 4: Pima, kisha loweka

Poni mnene huanzia asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, kwa hesabu ya chakula kikavu kabisa. Kwa Tausi ni kilo 3.9 hivi. Nyasi kavu bado ina unyevu kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo inakuwa kilo 4.3. Kuloweka nako kunatoa lishe, basi mimi hupima kilo 4.8 kabla ya maji na kugawa nyavu nne za kilo 1.2. Mizani ya ndoano, ile wanayopimia viazi sokoni, inatosha kabisa.

Zamisha wavu kwenye pipa lililokatwa, kivulini, kwa saa moja. Ukiuacha kwenye jua la mchana utakuta nyasi inanuka chachu, na ikishanuka ni ya kutupa. Maji yale ya kahawia yana sukari iliyotoka, yamwage mahali ambapo farasi hawezi kuyanywa. Yetu yanakwenda kwenye migomba. Siku za mgao maji hayapatikani kirahisi, nami nimeshalazimika kuchagua kati ya kuloweka na kujaza birika la kunywea. Birika kwanza, daima.

Kuloweka hupunguza sukari lakini hakukupi uhakika wa kiasi gani. Nyasi mbaya ikilowekwa inabaki nyasi mbaya.

Wavu wa mwisho mtundikie saa 4 usiku, wenye matundu madogo, asikae na tumbo tupu hadi asubuhi.

Hatua ya 5: Usimfungishe

Hapa nina kosa langu. Mwezi wa kwanza wa kumpimia chakula niliona Tausi hapungui, nikakata nyasi karibu nusu bila kumwambia mtu. Siku ya tatu akasimama kichwa chini, akakataa hata kile kidogo. Daktari alipotoa damu na kuiacha itulie, sehemu ya juu ilikuwa nyeupe kama maji ya maziwa. Poni akinyimwa chakula ghafla, mafuta ya mwilini hufurika kwenye damu na kulielemea ini, na wengi hawaponi. Tausi alipona.

Tangu siku hiyo sishuki chini ya asilimia 1.5 bila daktari kusema. Akisema tushuke hadi 1.25, tunashuka polepole, yeye akimfuatilia.

Hatua ya 6: Rudisha madini

Nyasi iliyolowekwa imepoteza madini, na nyasi kavu haina vitamini E ya maana. Mpe kirutubisho cha madini kisicho na molasi, chumvi ya kawaida gramu 25 hivi, na vitamini E kwa kipimo cha daktari. Vichanganye kwenye konzi mbili za lusani (alfalfa) iliyokatwakatwa na kuloweshwa. Lusani ina protini anayohitaji mzee kwa misuli, lakini ni konzi, si karai.

Kwa aliyekonda, daktari akikubali, anza na vijiko vichache vya mafuta ya kupikia na uongeze kwa wiki mbili au tatu. Kwa mnene, mafuta yabaki jikoni.

Mwangalie pia meno kila miezi sita. Ukikuta vibunda vya nyasi iliyotafunwa na kutemwa sakafuni, hatafuni tena sawasawa. Mkatie nyasi fupi kwa mashine na uiloweke iwe laini.

Hatua ya 7: Malisho, na watu wa nyumba

Vitabu vya Ulaya vinatisha watu kuhusu majani ya majira ya kuchipua. Sisi tuna mvua. Aprili na Mei uwanja ukichipuka, Tausi hatoki bila kifunga mdomo chenye tundu dogo. Januari na Februari jua ni kali, na majani hujaza sukari kadiri siku inavyosonga. Akitoka ni saa 12 asubuhi hadi saa 3, kisha uwanja usio na majani. Kwato zikiwa na maumivu hatoki kabisa.

Sehemu ngumu ni binadamu. Wiki sita mizani ya nyasi ilikuwa sawa lakini kifua hakipungui. Jioni moja nikamkuta askari wa geti kwenye ua.

"Baba, unampa nini?"

"Mkate tu, kijana wangu. Nusu. Ananiita mwenyewe."

Nusu mkate mweupe kila jioni! Sikugombana naye, ni mtu mzima na moyo wake ni mzuri. Nilimpa brashi amsugue Tausi badala ya kumlisha. Watoto nao walikuwa na karoti na vipande vya muwa. Sasa kila mtu anayeingia bandani anajua: mkono mtupu. Miezi mitatu baadaye kifua kilisoma 145.

Hatua ya 8: Gusa kwato kila asubuhi

Kabla ya wavu wa kwanza, weka kiganja juu ya kila ukwato, kisha tafuta mshipa nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato. Kwa kawaida mapigo yake ni hafifu, utayatafuta. Ukiyakuta yanadunda waziwazi, kwato zina moto, anabadilisha mguu kila mara au anaegemea nyuma kukwepa miguu ya mbele, usimtembeze hata hatua kumi kuona kama atachangamka. Mwekee maranda mengi ya mbao asimame laini, ondoa kila kitu isipokuwa maji ya kunywa na nyasi iliyolowekwa, na piga simu saa hiyohiyo. Namba ya daktari nimeiandika kwa rangi nyuma ya mlango wa banda, kwa herufi kubwa, ili hata askari wa usiku aisome kwa tochi.