Picha ya dema la babu, navyoitengeneza mie

Ile picha nyekundu yenye vitundu vitundu mnayoniuliza sikuichora kwa brashi jamani, nimepiga chapa kwa dema lenyewe, ule mtego wa samaki wa kusuka kwa fito. Babu alikuwa mvuvi hapa Kojani, Pemba, mtu wa dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, akiondoka na wenzake harudi leo wala kesho, alipofariki yakabaki madema mawili darini yanaliwa na mchwa na watu washataka kuyafanya kuni.

Kwanza kabisa usikimbilie rangi, kaa na mtu mzima wa nyumbani umuulize. Mie nilimwekea bibi simu inarekodi, nikamuuliza babu akikosa kitoweo alikuwa akisema nini, akanambia hasemi kitu, analiweka dema uani kalifudikiza mdomo chini basi ushajua leo mnakula muhogo mtupu. Picha yote imetoka hapo.

Pili kitambaa, chukua marekani mita 2, fua kwa maji moto na sabuni mpaka wanga utoke, usipotoka rangi haishiki.

Tatu ndo pana kazi. Chemsha magome ya mkandaa (aina ya mkoko) kama saa nzima hivi, maji yakishakuwa mekundu ya kahawia tia kitambaa kilale humo mpaka asubuhi, afu anika kivulini. Wazee walikuwa wakitilia nyavu za pamba rangi hiihii zisioze haraka. Ila tafadhali usiende kuuchuna mkoko ulio hai, omba magome kwa wenye kuni kavu.

Nne, laza dema juu ya kitambaa, mdomo uangalie chini, chovya kipande cha godoro kwenye rangi nyeupe ya ukutani nzito isiyotiwa maji, dondoa juu chini juu chini, usiburute! Yangu ya mwanzo niliongeza maji kidogo tu ikapenya chini ya fito ikawa uji mtupu, vile vitundu vya pembe sita havionekani hata kimoja. Kulinyanyua muwe wawili, moja kwa moja juu.

Ikikauka tafuta changu mdogo mbichi (hutomla tena, ndo maana nasema mdogo), msugue ndimu na chumvi utelezi uishe, mfute, mpake rangi kidogo tu upande mmoja, mlaze upande huo juu ya kitambaa, mgandamize kwa kiganja kuanzia kichwani kwenda mkiani. Watu wananiuliza mbona samaki nimempiga nje ya dema, bibi ndo kanionesha kwa kidole, hapa, mweke hapa, huyu ndo alokuwa akimkimbia babu yako.